Kadi Kwenye Kitasa cha Nerida

"Hakufa siku aliyoanguka," daktari alisema, akiwa bado amepiga magoti kwenye zulia.

Sajini Ilse Petschler alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, mikono mfukoni, kama alivyozoea ili asiguse kitu. Wazee waliokufa majumbani mwao hawakuwa jambo geni kwake. Pwani hii ya Queensland imejaa wastaafu, na wastaafu hufa. Lakini maneno ya daktari yalimfanya atoe mikono mfukoni.

"Sema tena."

"Nyonga imevunjika. Alianguka hapa karibu na meza Jumapili usiku, bado amevaa gauni la dansi. Hakuwahi hata kulivua. Lakini roho imemtoka jana Jumatano, mchana au jioni. Kiu ndiyo iliyommaliza." Daktari akavua glavu polepole. "Siku zote hizo alikuwa hai, Sajini. Na akili zake zilikuwa timamu. Tazama ukuta."

Petschler akatazama. Karibu na sakafu, pale mkono wa mwanamke aliyelala ungeweza kufika, rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka vipandevipande. Chini yake kulikuwa na kiatu cha dansi, kisigino kimelika kwa kugonga.

Konstebo Tavita Leota, mtu mkubwa aliyelazimika kuinama kupita mlango wowote, aligeukia dirisha midomo ikimchezacheza. Petschler alimwacha amalize sala yake. Naye akasema yake, fupi, kisha akaanza kazi.

Nerida Quaife alikuwa na miaka sabini na tisa. Nyumba yake ndogo ilikuwa ya mwisho kwenye njia ya mwisho ya Tuckeroo Bend, kijiji cha wastaafu wanaojitegemea: wanaopika wenyewe, wanaoogelea asubuhi na kugombana jioni kwenye uwanja wa kuvingirishia matufe. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Mlango wa mbao haukuwa na komeo, ila mlango wa wavu ulio mbele yake ulikuwa umekomewa kwa ndani, na fundi wa kijiji alilazimika kuukata wavu asubuhi hii ndipo wakaingia. Simu ilikuwa chumbani kwenye chaji. Kile kidude cha kuvaa shingoni, cha kuitia msaada, kilining'inia bafuni.

"Hakutaka kwenda nacho dansini," Tavita alisema. "Hata mama yangu hakivai. Anasema kinamfanya aonekane ng'ombe mwenye kengele."

Juu ya meza palikuwa na kikapu cha kushonea, mkasi, na kibunda cha uzi mwekundu. Petschler akainama karibu na mkono wa kushoto wa marehemu. Kwenye kidole cha pete palikuwa na pete ya dhahabu iliyochakaa, pana, ya mtu mwenye kidole kinene. Sehemu ya chini ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu mara nyingi, kwa uangalifu, ili isichopoke.

"Piga picha hiyo," alisema.

"Pete ya ndoa?"

"Piga picha tu, Tavita."

Meneja wa kijiji, Bwana Ramsden Fyfe, alikuwa akiwasubiri barazani, shati limepigwa pasi, uso umemtoka rangi. Ni yeye aliyeagiza mlango ukatwe, baada ya binti wa marehemu, Odette, kupiga simu kutoka Adelaide. Odette humpigia mama yake kila Jumatano jioni. Jana hakujibiwa.

"Nimemsikia daktari," Fyfe alisema. "Samahani, lakini amekosea. Haiwezekani alale chini tangu Jumapili. Sisi tuna kadi."

"Kadi gani?"

Fyfe akamwonyesha kitasa cha nyumba ya jirani. Alieleza upesiupesi, kama mtu aliyewahi kuwaeleza wageni wengi kwa fahari. Kila mkazi ana kadi yake, aliyoichora mwenyewe kwenye darasa la sanaa. Usiku kabla ya kulala unaitundika nje kwenye kitasa. Asubuhi ukiamka unaitoa na kuiingiza ndani. Saa tatu kamili mzee mmoja wa kujitolea hupita njia zote. Kitasa kikiwa kitupu, umeamka, u mzima. Kadi ikiwa bado nje, anagonga. Usipojibu, anaita msaada.

"Na kadi ya Bi Nerida?"

"Haikuwa nje asubuhi hata moja wiki hii! Muulize Clarrie mwenyewe. Clarrie!"

Mzee aliyekuwa amesimama peke yake kwenye nyasi akasogea. Clarrie Oxenbould alikuwa gadi wa treni, mwenye kupuliza filimbi ya kuondoka, miaka yote ya kazi yake, na bado alivaa filimbi yake shingoni alipofanya mzunguko wa asubuhi. Alivua kofia.

"Ni wewe unayepita saa tatu, mzee?"

"Ni mimi."

"Jumatatu?"

"Nilipoondoka pale, kitasa kilikuwa kitupu. Jumanne kitupu. Jana kitupu. Na leo." Sauti yake ilikuwa imara, lakini kofia ilikuwa ikizunguka mikononi. "Aliteseka?"

"Bado tunachunguza," Petschler akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila kuaga.

"Sasa," Petschler alimwambia Fyfe, "kadi ikitolewa asubuhi, inawekwa wapi?"

"Ndani. Wengi wana msumari nyuma ya mlango."

Nyuma ya mlango wa Nerida palikuwa na msumari, na msumari haukuwa na kitu. Petschler na Tavita waliipekua nyumba nzima, makabati, droo, takataka, chini ya vitanda, hata ndani ya jiko. Kadi haikuwepo. Fyfe alisema isingeweza kuwapotea, kwa kuwa Nerida alikuwa amechora kukabura, yule ndege wa kucheka, mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili, na darasa zima lilikuwa limemcheka.

Ndipo Fyfe mwenyewe akaketi kwenye ngazi ya baraza, ghafla.

"Kuna mtu alikuwa nayo," alisema. "Alikuwa anakuja hapa. Kila usiku anaitundika, kila asubuhi anaitoa, ili tusijue. Na Nerida ndani akigonga ukuta." Akafunika mdomo. "Ni shetani gani huyo?"

Kabla ya adhuhuri habari ya kadi iliyotolewa ilikuwa imezunguka kijiji kizima; ile ya siku tatu sakafuni Petschler alimwomba Fyfe aifiche kwanza. Darasa la mazoezi ya majini lilivunjika, watu wakasimama pembeni ya bwawa na mataulo mabegani, bila kuzungumza. Mwanamke mmoja alikuwa akilia wazi. Kijiji kile kilikuwa kimezoea kufiwa, na watu walijua jinsi ya kufiwa: skonzi, kadi za rambirambi, kiti kitupu kwenye meza ya karata. Hili hawakuwa wamelizoea. Mtu miongoni mwao alikuwa amesimama mlangoni.

Na Odette akapiga simu tena, akiwa uwanja wa ndege, nafasi pekee ikiwa ya usiku.

"Nimeambiwa kuhusu kadi," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nieleze inavyofanya kazi."

Petschler akamweleza.

"Kwa hiyo kuna mtu aliitoa."

"Inaonekana hivyo."

"Nafika kesho asubuhi, Sajini. Sitaki pole. Nataka jina. Mama yangu aligonga siku tatu, mimi nataka kumjua mtu ambaye hakugonga hata mara moja. Utanipa?"

"Nitakupa," Petschler alisema, akakata simu.

Tavita alikuwa ameegemea gari. "Mimi namtilia shaka Fyfe," alisema. "Ana funguo zote. Na nimeuliza: Bi Nerida alikuwa na alama mbili. Ukisahau kadi nje mara tatu ndani ya mwaka, wanakuita kupimwa kama bado unaweza kuishi peke yako. Ukishindwa, unahamishiwa kwenye nyumba ya kutunzwa mjini. Fyfe ndiye aliyemwandikia baada ya alama ya pili. Na anataka hizi nyumba za mwisho azibomoe, ajenge mgahawa."

"Vizuri. Basi Fyfe anataka aondoke."

"Ndiyo."

"Jumatatu asubuhi kadi iko nje. Alama ya tatu. Kama wewe ni Fyfe unafanya nini?"

"Naiacha pale pale. Nashangilia."

"Unaiacha pale pale. Aliyeitoa alitaka Nerida abaki."

Tavita akakuna shingo. "Sasa rafiki gani anakuja mara saba, usiku na asubuhi, asiingie?"

"Nani anazikagua kadi usiku?"

"Nani... hakuna. Saa tatu asubuhi tu."

"Basi kwa nini uitundike tena usiku? Ukiitoa Jumatatu ukaondoka nayo, Jumanne kitasa ni kitupu. Jumatano ni kitupu. Nerida angekuwa mzima mpaka mwaka kesho, kwa mujibu wa kitasa." Petschler akatazama ile njia iliyonyooka, na vitasa vyake vinavyong'aa. "Hakuna shetani aliyekuja kila siku, Tavita. Ni mkono mmoja, mara moja, Jumatatu."

Tavita akafungua mlango wa gari. "Sijui kama hiyo ni nafuu," alisema.

Nyumba iliyogusana ukuta na ya Nerida ilikuwa ya Bi Joyleen Stubberfield. Aliwakaribisha barazani, akawamiminia chai bila kuuliza, akawawekea keki za nazi, akaketi. Kisha akatoa mashine yake ya sikio kwenye mfuko wa sweta na kuipachika.

"Huwa naivua nikiwa peke yangu. Betri ghali, na wa kumsikiliza sina. Haya, niulizeni."

"Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi, Bi Joyleen?"

"Hapa hapa, kwenye kiti hiki, tangu jua halijatoka. Sina usingizi mimi, nauchukua mchana kwenye sinema."

"Unauona mlango wa Bi Nerida?"

"Siuoni, hiyo bougainvillea yake imeziba. Kila siku namwambia, shoga, kata hilo pori lako. Ila njia naiona yote, na nyumba yake ndiyo mwisho. Anayekwenda kwake lazima anipitie mimi."

"Nani alikupitia Jumatatu kabla ya saa tatu?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Paka. Hakupita mtu, nakwambia. Hata wale wa matembezi ya alfajiri hawakufika huku, walikuwa wamechoka na dansi ya Jumapili."

Petschler akageuza kikombe chake kwenye kisahani. "Dansi ilikuwaje?"

Uso wa Joyleen ukafunguka kidogo. "Ah! Nerida alicheza na kila mwenye miguu. Hata na Clarrie, masikini, anayecheza kama anasukuma behewa. Alimkanyaga mpaka nikamwonea huruma. Lakini alikuwa anacheka, Nerida. Walitoka kuvuta hewa, akarudi anacheka."

"Alikuwa na kawaida ya kuvaa pete?"

"Nerida? Wapi! Tangu mumewe afe. Alikuwa akisema vidole vyake vimestaafu pia."

"Bi Joyleen, ulimwona baada ya Jumapili?"

"Sikumwona. Alituambia tumwache wiki hii, ana jambo la kuwaza, bwawani haji. Tukamwacha. Hapa tunaheshimu, mtu akisema anataka kimya, anapewa." Akanyanyua kijiko, akakiweka. "Ingawa kimya chenyewe hakikuwepo. Jumatatu mchana alikuwa anapigilia misumari."

Tavita aliacha kutafuna.

"Nilikuwa natazama sinema, mashine sina sikioni, lakini ukuta wenyewe ulikuwa unatetemeka. Nikasema leo anatundika picha. Jioni tena. Jumanne tena! Nikakasirika, ee, nisiseme uongo. Nikachukua fimbo yangu nikamgongea ukuta, pa pa pa, anyamaze." Alikuwa akionyesha kwa mkono. "Akajibu, upesi upesi. Nikamgongea tena kwa nguvu. Basi akanyamaza."

Mkono wa Joyleen ulibaki hewani. Macho yake yalitoka kwa Petschler yakaenda kwa Tavita, yakarudi, na Petschler akauona ukweli ukimfikia, kidogo kidogo, na hapakuwa na njia ya kuuzuia.

"Hakuwa anatundika picha," Joyleen alisema.

"Hapana, mama."

"Alidhani nimemsikia. Nilipomgongea. Alidhani nakuja."

Tavita akaacha kiti chake, akapiga magoti mbele ya yule mama, akaishika mikono yake yote miwili ndani ya mkono wake mmoja. Alikaa hivyo. Petschler alijua kuna swali moja limebaki, na kwamba hakuna saa nzuri ya kuliuliza.

"Bi Joyleen, nisamehe. Ulisema hakuna aliyepita Jumatatu. Mzee Clarrie je? Hakufanya mzunguko?"

"Si nimekwambia hakupita mtu," Joyleen alisema, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Clarrie tu, na filimbi yake. Clarrie kila siku anapita."

"Na mkewe Clarrie, ulimfahamu?"

"Thelma? Mungu amrehemu. Mwanamke mnene, mwema. Mikono kama ya mwoka mikate."

Walimkuta Clarrie kwenye karakana ya wanaume, nyuma ya uwanja wa matufe. Alikuwa peke yake kwenye benchi la useremala, akipiga msasa mguu wa kiti ambao tayari ulikuwa laini. Filimbi ilikuwa bado shingoni. Tavita alibaki mlangoni.

"Mzee Clarrie," Petschler alisema, "kadi ya Nerida iko wapi?"

Mkono wa mzee ulipanda kwenye mfuko wa shati kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote. Alipogundua umefika wapi, aliuacha hapo.

"Asubuhi uliniambia kitasa kilikuwa kitupu ulipoondoka," Petschler aliendelea kwa upole. "Hukuniambia ulikikutaje ulipofika."

Clarrie akaitoa kadi, akailaza kwenye benchi katikati ya vumbi la mbao. Kukabura aliwatazama kwa jicho moja, mdomo wazi.

"Nilitaka kumrudishia leo," alisema. "Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe."

"Siku ya nini?"

"Ya jibu." Akapuliza vumbi lililokuwa juu ya ndege. "Nilimwomba tuoane. Jumapili, nje ya ukumbi. Sikuwa na pete, nilikuwa na ya Thelma tu, nikampa hiyo. Nikamwambia najua ni kubwa. Akaitia kwenye mkoba wake, akasema, Clarrie, nipe mpaka Alhamisi. Usinigongee mlango kabla. Ukinigongea, nitakwambia hapana kwa hasira tu. Alikuwa anacheka, lakini Nerida akisema jambo kasema."

"Na Jumatatu?"

"Nikakuta kadi nje. Alama ya tatu hiyo." Sasa maneno yalikuwa yakitoka haraka. "Nikawaza, amelala tu. Amecheza mno. Nikigonga, nimevunja ahadi siku ya kwanza. Nisipogonga na nikasema kweli, Fyfe anampeleka kupimwa, na watampeleka mjini, na huko... Ninyi ni vijana, hamjui. Huku kila mtu anaiogopa ile nyumba ya mjini kuliko kaburi. Kila mtu amewahi kumtolea mwenzake kadi, Sajini. Kila mtu. Unaisukuma kadi chini ya mlango, unagonga dirisha, unacheka naye, yamekwisha. Mimi sikugonga. Nikaitoa, nikaitia mfukoni, nikaendelea na njia nyingine."

"Jumanne ukakuta kitasa kitupu."

"Ee."

"Kwa sababu kadi ilikuwa mfukoni mwako."

Clarrie aliuweka msasa chini. Alikuwa mtu aliyezifunga breki za treni maisha yake yote, asiyewahi kuiacha treni iondoke kabla ya kuhakikisha milango imefungwa, na Petschler aliona jinsi alivyokuwa akirudi nyuma, behewa kwa behewa, akitafuta pale alipokosea.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Nilijua ninayo. Nilifikiri ataiulizia. Alipokuwa kimya nikafurahi. Nikasema anawaza, hajaona hata kama kadi haipo. Nilimtolea kadi ili asifungiwe huko mjini. Kisha usiku wa jana akafa, ghafla, na mimi sikuwepo. Hilo ndilo kosa langu. Nalikubali."

Petschler angeweza kunyamaza hapo. Lakini Odette angefika kesho, na magazeti yangefika baada yake, na ukweli huu haukupaswa kumfikia mzee kwa njia hiyo. Aliomba kimoyomoyo apewe maneno. Hayakuja mazuri, akatumia aliyokuwa nayo.

"Hakufa ghafla usiku wa jana. Alianguka Jumapili usiku, baada ya kutundika kadi. Alivunjika nyonga. Alikufa jana, mchana au jioni."

Walisikia matufe yakigongana uwanjani, na mtu akisema "safi!" kisha akakumbuka na kunyamaza.

"Kwa hiyo Jumatatu," Clarrie alisema, "nilipoitoa..."

"Alikuwa hai."

"Na Jumanne."

"Ndiyo, mzee."

"Nilisimama pale," alisema. "Kila asubuhi nilisimama mbele ya mlango wake muda mrefu kidogo kuliko wa wengine. Nilikuwa natabasamu."

Tavita aligeuza uso. Petschler alivuta kiti, akaketi, ili macho yao yawe sawa. Kulikuwa na jambo moja limebaki, naye hakujua kama ni dawa au kisu, ila halikuwa lake kulificha.

"Pete haikuwa kwenye mkoba," alisema. "Tulimkuta ameivaa. Kidole cha pete. Ilikuwa kubwa, akaizungushia uzi ikamkaa. Kikapu cha kushonea kilikuwa wazi mezani. Aliifanya kazi hiyo Jumapili ile ile, mara tu alipoingia nyumbani."

Clarrie alivua filimbi shingoni. Aliiweka juu ya kadi, akainama, paji la uso likagusa benchi, akakaa hivyo. Tavita akaja akasimama karibu yake, akamwekea mkono mgongoni, na hakuuondoa mpaka jioni ilipoanza.

Kwenye gari, Petschler alikuwa na kadi ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Tutamshitaki?" Tavita aliuliza.

"Mchunguzi wa vifo ndiye ataamua. Sisi tunaandika tulichokikuta."

"Na binti?"

"Binti nimemwahidi jina."

Odette Quaife alifika asubuhi iliyofuata kwa teksi, na begi dogo, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu aliyetembea kama aliyekuja kupigana. Alikuwa na pua ya mama yake. Alikataa kiti ofisini kwa Fyfe, akakataa chai. Alitaka kuiona nyumba.

"Umelipata lile jina?" aliuliza walipoanza kushuka njia.

"Nimelipata. Nitakwambia tukiwa tumekaa."

"Niambie tukitembea."

Saa tatu ilikuwa imepita. Petschler aligundua jinsi kijiji kilivyokuwa tofauti. Hakuna filimbi iliyopigwa. Fyfe hakuwa amemteua mtu mwingine wa mzunguko; labda hakuthubutu kumwomba mtu. Barazani watu walikuwa wamesimama kimya, wakimtazama Odette akipita, na Bi Joyleen alikuwa kwenye kiti chake, mashine sikioni. Alijaribu kunyanyuka, akashindwa.

Petschler alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia. Alikuwa amelipanga usiku mzima: kwanza alama ya tatu, kisha ahadi, kisha pete. Au kwanza pete. Alikuwa amefungua mdomo pale Odette aliposimama.

"Ile si kadi?"

Mkono wa kulia, nyumba ya tatu kutoka mwisho, kadi ilikuwa ikining'inia kwenye kitasa. Ilichorwa behewa la treni, jekundu, na taa ya nyuma. Petschler alijua ni ya nani. Tavita alikuwa amekunywa chai na mzee yule mpaka saa nne usiku, akamwacha amelala. Lakini asubuhi hii hakuna aliyepita, kwa sababu aliyekuwa akipita kwa ajili ya wengine alikuwa ni yeye.

"Saa tatu imepita," Odette alisema. "Uliniambia kwenye simu. Ikiwa bado nje, mtu anagonga."

"Bi Odette, ngoja. Subiri kidogo. Hiyo nyumba..."

Lakini Odette alikuwa ameshaacha begi njiani. Alipanda baraza kwa hatua mbili na kugonga kwa ngumi, kwa nguvu, mpaka kioo kikatetemeka. Kimya. Akagonga tena. "Kuna mtu?" akapaza sauti. "Uko salama? Fungua!" Majirani walianza kutoka, mmoja mmoja, wakaja wakasimama kwenye nyasi. Petschler alikuwa ameshafika, bega tayari kwa mlango. Odette akagonga mara ya tatu, na safari hii hakuacha.

Komeo likageuka.

Clarrie Oxenbould alikuwa amevaa suti yake ya dansi, amenyoa ndevu, amejikata kidogo kidevuni. Hakumwangalia Petschler. Alimwangalia mwanamke aliyegonga, pua yake, na mkono wake.

"Umegonga," alisema.

"Kadi yako iko nje," Odette alisema, akihema. "Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo inavyotakiwa." Aliushika mlango kwa mikono yote miwili. "Niliiacha nione kama kuna atakayekuja. Sikujua kwamba utakuwa wewe. Mimi ndiye niliyeitoa ya mama yako, mwanangu. Jumatatu. Sikugonga."

Hakuna mtu aliyesogea, barazani wala kwenye nyasi. Mkono wa Odette ulikuwa bado juu, ngumi imekunjwa vile vile alivyogongea, na kijiji kizima kikasimama kinasubiri auteremshe.